Njooni Tushike Machela

Ndugu zangu wa Chiungutwa, wa Masasi na wa Newala, ninyi wa bondeni na ninyi wa juu uwandani, nawaandikia kama mzazi ambaye Mungu alimvusha usiku mmoja mrefu, na ambaye hawezi kuukalia kimya usiku ule. Nina wito, nao nitausema mapema: mgonjwa akilala nyumbani kwako, mtumaini Mungu kwa miguu na mikono yako pia, usimtumaini kwa midomo peke yake. Na jirani akipatwa, uwe wewe ule msaada anaomwomba Mungu.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua zikielekea ukingoni. Mnaoishi huku mnaujua mwezi huo. Mbaazi bado ziko shambani, mikorosho haijatoa hata ua, pesa za mnada wa korosho zimekwisha kitambo, na mbu wamejaa kila penye dimbwi. Mtoto wetu wa tatu, aliyekuwa na miaka miwili na miezi kidogo, alishikwa na homa. Siku ya kwanza tulimpa panadol ya dukani. Siku ya pili, jua lilipozama, akaacha kucheza, akakataa uji, akalala begani kwa mama yake kama nguo iliyolowa.

Mke wangu alimvuta kope la chini kwa kidole gumba akamtazama. Kisha akakifungua kiganja chake kidogo mbele ya tochi ya simu. Kilikuwa cheupe kama muhogo uliomenywa.

Mimi nilisema tuombe, tungoje kukuche. Nilikuwa na sababu zangu: usiku ulikuwa umeingia, mfukoni hamkuwa na kitu, na mjomba wa mtoto hakupatikana kwenye simu. Mnajua mila zetu, Wamakua, Wayao na Wamakonde: mtoto ana baba, lakini neno zito ni la mjomba. Niliogopa kumpeleka mtoto mbali, pakatokea la kutokea, kisha nikaulizwa nilimwambia nani. Hofu zote hizo nilizifunga katika kifurushi kimoja nikakiita imani.

Mke wangu hakubishana nami. Alisema tu, "Baba watoto, Mungu halali. Nasi leo tusilale." Akamfunga mtoto mbeleko. Naye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Kijana wa jirani mwenye bodaboda aliamshwa. Hakuuliza nauli. Alifuta tope kwenye kiti kwa shati lake, akasema tutahesabiana korosho zikiuzwa. Tulikwenda watatu nyuma yake, mtoto katikati, taa ikimulika madimbwi.

Hospitalini walimchoma kidole, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Wakapima na wingi wa damu, muuguzi akaandika 4.1. Kwa mtoto wa umri ule, damu ikishuka chini ya 5 roho inakuwa ukingoni, kwa sababu vimelea vya malaria huvunja chembe nyekundu, na bila chembe hizo pumzi anayovuta haifiki moyoni wala kwenye ubongo. Walimchoma sindano ya artesunate papo hapo. Lakini damu ya kumwongezea, ya kundi lake, ilikuwa imekwisha. Muuguzi alituuliza kwa sauti ya chini, "Mmekuja ndugu wangapi?"

Damu yangu haikulingana na ya mtoto. Ya mama yake ililingana, lakini mjamzito hatolewi damu. Nikapiga simu nyumbani.

Kulipopambazuka pikipiki mbili ziliingia getini. Walikuwa watu watatu: mwalimu wetu wa kanisani, kijana mmoja ambaye kazi yake ni kupulizia salfa mikorosho ya watu, na jirani yetu mwalimu wa madrasa, ambaye alikuwa ametoka kuswali alfajiri akapanda pikipiki na kanzu yake. Wote watatu walikunja mikono. Damu iliyolingana ilikuwa ya mwalimu wa madrasa.

Nilikaa kando ya kitanda nikihesabu matone. Likidondoka moja, nasema "Bwana, nakushukuru," likidondoka jingine, nasema tena. Adhuhuri ilipofika, kucha za mtoto zilianza kurudisha rangi, kwanza kwenye vidole gumba. Jioni alifumbua macho akasema neno moja: "Maji." Mke wangu alilia kuliko alivyolia usiku kucha.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi: uaminifu wa Mungu niliokuwa nauomba pale nyumbani ulikuwa wapi saa ile? Naamini ulikuwa umeshaanza safari kabla sijapiga goti. Ulikuwa katika jicho la mama aliyejua kusoma kiganja cha mwanawe, katika pikipiki ya kijana ambaye hakuuliza nauli, na katika mkono wa mtu wa dini nyingine na kabila jingine. Ulitoka hata mbali zaidi ya hapo.

Ile sindano ina historia ambayo kila mzazi wa huku anastahili kuijua. Chimbuko lake ni mmea wa pakanga, ambao Wachina waliutumia kutibu homa kwa karne nyingi. Miaka ya 1970 mtafiti wa kule China, bibi Tu Youyou, alifanikiwa kutoa ndani yake dawa inayoua vimelea vya malaria, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli. Kati ya mwaka 2005 na 2010, madaktari walifanya utafiti katika nchi tisa za Afrika, kwa watoto 5,425 waliokuwa na malaria kali. Nusu walipewa kwinini, nusu artesunate. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walifariki kama 109. Kwa artesunate walifariki kama 85. Baadhi ya watoto hao walikuwa wamelazwa Korogwe na Muheza, hapa hapa Tanzania. Mama zao walikubali watoto wao waingizwe katika utafiti, usiku, katika hofu ile ile niliyokuwa nayo mimi. Wengine walirudi nyumbani mikono mitupu. Mwanangu ameponywa kwa machozi ya kina mama nisiowajua majina. Nikisema Mungu ni mwaminifu, nawakumbuka na wao.

Na hapa kwetu Masasi hatuanzi sifuri. Mwaka 1935 alifika huku daktari mpasuaji Mwingereza, Leader Stirling, akiwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA, akaanza kazi Lulindi. Alipasua wagonjwa katika jengo la udongo lililoezekwa nyasi. Baadaye akawa Mtanzania, akaingia bungeni, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Jina lake tunalikumbuka, na ni haki. Lakini tukumbuke pia kwamba daktari yule asingemtibu yeyote kama mgonjwa asingefikishwa kwake. Siku hizo hapakuwa na bodaboda. Mgonjwa alilazwa kwenye machela au kwenye kitanda cha kamba, wanaume wakainua mabegani, wakabeba kwa zamu porini na mitoni. Waliochoka walipokewa na wenzao. Kizazi kile kilijua kwamba dawa haina miguu.

Wakristo wenzangu mnaikumbuka habari ya yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, katika Injili ya Marko sura ya pili. Watu wanne walimbeba. Walipokuta mlango umejaa watu hawakurudi nyuma, walipanda wakatoboa dari wakamteremsha mbele ya Yesu. Na Injili inasema wazi kwamba Yesu aliitazama imani yao wale waliobeba. Imani yao ilionekana kwa macho, kwa sababu ilikuwa na jasho na vumbi la dari.

Mnaikumbuka pia habari ya mfalme Hezekia, katika kitabu cha pili cha Wafalme. Aliugua hata kufa, akalia, naye Mungu akamwongezea miaka 15. Nabii yule yule aliyeleta ahadi ndiye aliyeagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu. Ahadi na dawa vilikuja kwa mkono mmoja. Ndugu zetu Waislamu nao wanafundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Sasa sisi tumepata wapi mafundisho ya kumwacha mtoto wa degedege apigwe moshi siku mbili huku sindano iko kituoni?

Naomba hapa niseme jambo gumu, maana sitaki kuwadanganya. Si kila anayebebwa anarudi akitembea. Dada yangu mkubwa aliugua saratani ya mlango wa kizazi. Ilipogunduliwa ilikuwa imeshasambaa. Tulimpeleka Dar es Salaam, Hospitali ya Ocean Road, tulifunga na kuomba, kanisani na misikitini. Alifariki. Wapo waliotuambia imani yetu ilikuwa ndogo. Neno hilo, ndugu zangu, msimwambie mfiwa hata siku moja. Dada yangu alikufa akimsifu Mungu, amezungukwa na watu waliomwosha, waliomgeuza kitandani, waliomwimbia alipokosa usingizi. Hakuachwa hata saa moja. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu ukatazama chini kuelekea bonde la Ruvuma, macho hayafiki mwisho wa kile unachokiona, lakini miguu yako imesimama juu ya mwamba. Msiba ule ulikuwa hivyo kwetu. Hatukuona mwisho wake, ila tulikuwa tumesimama juu ya kitu imara.

Nami namheshimu dada yangu kwa kuwaambia hivi: akina mama, nendeni mkapimwe kabla hamjasikia maumivu. Na wazazi wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya kuzuia saratani hiyo ipo, ilianza kutolewa nchini mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Msiwafiche mabinti siku ya chanjo.

Basi wito wangu ni huu.

Kwanza, tutoke mapema. Homa ya mtoto isilale nyumbani usiku wa pili. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au kukaa, viganja vikiwa vyeupe, au akipumua kwa shida, ni safari wakati huo huo. Ombeni mkiwa njiani. Mungu anasikia na juu ya pikipiki. Mwenye mimba, aliyejifungua karibuni, au kichanga akipatwa na dharura, pigeni 115. Simu hiyo ya m-mama ni bure, nayo hutafuta gari la kumfikisha hospitali.

Pili, nawaomba wajomba, kwa heshima yote. Ninyi ndio nguzo za koo zetu. Msimu huu mkikaa na dada zenu, waambieni mbele ya shemeji zenu: mtoto akiugua, mpelekeni, nami mtanikuta huko. Neno hilo moja, likisemwa mchana kukiwa shwari, litaokoa mtoto usiku ambao simu yako haipatikani.

Tatu, tutoe damu. Kipimo kinachotumika ulimwenguni ni chupa 10 kwa mwaka kwa kila watu 1,000. Kata yenye watu 10,000 ingetoa chupa 100 tu ingekuwa imejitosheleza. Mtu mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 na zaidi, anaweza kutoa: mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Anayetoa huchangia chini ya nusu lita, na mwili hulipa wenyewe. Damu ikishatolewa chembe zake nyekundu hukaa kwenye jokofu takribani mwezi mmoja na siku kidogo, kwa hiyo ya mwaka jana haimsaidii mgonjwa wa leo. Ndiyo maana nasema tusingoje mpaka muuguzi aulize tumekuja ndugu wangapi. Na damu haiuzwi. Akitokea mtu anayekudai pesa ya damu, toa taarifa.

Nne, pesa za korosho zikiingia, ugonjwa upewe fungu lake kabla ya bati na kabla ya sherehe ya unyago. Korosho huuzwa kuanzia mwezi wa kumi, malaria hutupiga baada ya mvua, wakati mfuko umekauka. Shetani wa huku kwetu ni kalenda. Bima ndiyo inayobeba pesa ya Novemba ikaifikisha Aprili. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kawaulizeni watendaji wa vijiji na wahudumu wa zahanati utaratibu na kiwango cha mwaka huu, mjiandikishe kaya nzima, hata bibi anayesema yeye hajawahi kuugua. Viongozi wa vyama vya msingi nawaomba: siku ya malipo wekeni meza ya bima karibu na meza ya mizani. Na kaya isiyo na mkorosho hata mmoja, ya mjane au ya mzee anayelea wajukuu, kanisa na msikiti waichangie. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Tano, tukae na wagonjwa. Wazee wa Masasi wanamkumbuka Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wetu kuanzia mwaka 1960 hadi 1968. Kabla ya kuja kwetu alikuwa padri kule Afrika Kusini, Sophiatown. Kijana mmoja mwenye kifua kikuu alilazwa hospitalini karibu miaka miwili, na padri yule, mwenye kazi nyingi na kundi kubwa la waumini, alikuwa akimtembelea kila mara. Kijana huyo alikuwa Desmond Tutu, ambaye alikuja kuwa askofu mkuu na kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1984. Mwanawe wa kiume alimpa jina Trevor. Hujui unayemletea uji wodini atakuwa nani. Mpelekee uji. Mwenye mgonjwa mlimie tuta moja la muhogo, mchotee mama yake ndoo ya maji, walalishe watoto wake kwako. Na ukifika, usianze na hadithi za waliokufa kwa ugonjwa huo. Kaa, shika mkono, omba kwa sauti ndogo.

Viongozi wetu wa dini, mapadri, masheikh, wachungaji, ninyi mnasikilizwa kuliko redio. Tangazeni madhabahuni na mimbarini kwamba kwenda hospitali ni ibada, na kwamba mwenye kungoja daktari hajamwacha Mungu. Mkisema ninyi, yule baba aliyefunga hofu yake katika kifurushi na kukiita imani, kama mimi, atakifungua usiku huo huo.

Mtoto wetu ana miaka minne sasa. Mwaka juzi mdogo wake alizaliwa salama, yule aliyebebwa tumboni kwenye pikipiki ile amekwisha kuanza kukimbia, na nyumba yetu imejaa kelele. Yule kijana wa bodaboda nilimpelekea nauli yake msimu ulipofika. Aliipokea nusu, nusu akanirudishia, akasema nimwekee mgonjwa atakayefuata. Ipo mpaka leo ndani ya kopo, tumeiongeza, na imeshasafirisha watu wawili.

Tarehe 14 Juni kila mwaka ni siku ya wachangia damu duniani. Kwetu inaangukia katikati ya kazi ya salfa, najua. Mimi na mwalimu wa madrasa tumepatana: siku hiyo tutaacha mabomba shambani, tutakwenda mjini tukakunje mikono. Tumekwisha kuwa wawili.

Machela inataka wanne.